Koo la Mtoto na Moyo Wake



Kila baada ya miezi kadhaa, pindi swala ya Ijumaa inapomalizika na kabla watu hawajatawanyika, husimama mzazi karibu na mlango wa msikiti akiwa na bahasha ya kahawia mkononi. Imamu huwaomba watu wakae kidogo. Ndani ya bahasha mna karatasi za hospitali, picha ya kifua na makadirio ya gharama ambayo huhesabiwa kwa laki, si kwa maelfu. Mtoto ana maradhi ya moyo. Anatakiwa Nairobi, au anatakiwa India. Kitambaa hutandazwa, noti hudondoshwa, wanawake wa ghorofani huteremsha vyao katika mkoba, mara nyingine na bangili ya dhahabu ndani yake, kisha mzazi huondoka na kiasi ambacho ni kikubwa kwetu sisi tuliotoa na ni kidogo mno kwa haja iliyomleta.

Nimesimamia michango hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na siujutii hata mmoja. Lakini upo mmoja ambao haujaniondoka moyoni, kwa kuwa aliyechangiwa alikuwa mwanafunzi wangu, na kwa kuwa katika maradhi yake mimi nilikuwa shahidi nisiyejua anachokiona.

Alikuwa binti wa miaka 12. Chuo chetu kiko ghorofa ya pili, naye alikuwa akifika wa mwisho kila siku, akijishikiza ukutani, akipumzika kila baada ya vidato vichache. Nikamwita mvivu. Nilimwambia mbele ya wenziwe kwamba walio wadogo kwake wamemtangulia na tayari wamefungua misahafu. Hakunijibu. Alikaa akitweta, akasubiri pumzi imrudie, ndipo akaanza kusoma. Mamake alikuja kunieleza baadaye kwamba usiku binti huyo alikuwa halali ila ameegemea mito miwili, kwani akilala chali huhisi kama anazama.

Alipofikishwa kwa daktari wa moyo, ilidhihirika kwamba vali moja ya moyo wake imekakamaa na inavuja. Vali ni milango midogo iliyo ndani ya moyo, hufunguka damu ipite na kufungika isirudi nyuma. Mlango wa binti huyu haukufunguka sawasawa wala haukufungika. Daktari akamuuliza mamake: je, mtoto huyu aliwahi kuugua koo, kisha baada ya wiki chache viungo vikafura? Mama akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka. Ilikuwa ni miaka minne nyuma. Goti lilifura likauma, likapoa. Maumivu yakahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Bibi yake alimkanda kwa mafuta ya nazi. Katika zahanati moja walipewa vidonge vya kutuliza maumivu wakarudishwa nyumbani. Baada ya wiki kadhaa mtoto alikuwa akikimbia uani na watu wakamhimidi Mwenyezi Mungu.

Maradhi yale yalikwishaondoka magotini, lakini moyoni yalibaki.

Jina lake ni homa ya rumatiki. Wengine huiita baridi yabisi, jina ambalo kwa bahati mbaya hutufanya tuwafikirie wazee walioketi barazani wakisugua magoti, ilhali homa hii huwapata hasa watoto wa kati ya miaka mitano na 15. Huanzia kooni. Mtoto hupatwa na bakteria waitwao streptokoka, koo likamuuma, homa ikampanda, tezi za shingoni zikavimba. Mwili wake hutoa kinga ya kupambana na bakteria hao. Kwa baadhi ya watoto, kinga hiyo hukosea: huuona moyo na viungo vya mtoto mwenyewe kana kwamba ni adui yule yule, ikavishambulia. Maumivu ya viungo hupita bila ya kuacha alama. Vali za moyo hubaki na makovu, na kila mara koo linapougua tena na homa ikarudi, kovu huongezeka juu ya kovu.

Jambo linalohuzunisha ni kwamba ugonjwa huu ulikuwa umeenea hata Ulaya na Marekani katika karne iliyopita. Watu walipopata nyumba zisizosongamana, zahanati zilizo karibu na dawa ya penisilini, ukatoweka kwa watoto wa huko hata madaktari wao wengi vijana hawajapata kumwona mgonjwa wake. Kwetu sisi, na katika sehemu kubwa ya Afrika, Asia ya Kusini na visiwa vya Pasifiki, bado upo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na moyo ulioharibiwa kwa njia hii. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio maalumu kuhusu maradhi haya, na haikuwa kwa sababu dawa yake ilikuwa haijulikani. Penisilini imejulikana tangu zama za babu zetu. Husambaa palipo na msongamano, na chumba kimoja kulala watoto sita, kama kilivyo chumba kingi cha mtaani kwetu, ni jambo la umasikini wala si la uzembe wa mama.

Basi mama afanye nini koo la mtoto linapouma? Si kila koo linahitaji dawa kali. Nyingi hutokana na mafua ya kawaida na hupona zenyewe, na mtoto mwenye makamasi na kikohozi aghalabu ni wa kundi hilo. Lakini mtoto mwenye homa, anayelia akimeza hata mate, mwenye mafindofindo mekundu na tezi zilizovimba shingoni bila ya kikohozi, huyo apelekwe akaonwe. Akiandikiwa vidonge vya siku 10, avimalize siku 10. Hapa ndipo tunapokosea wengi: siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anacheza, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini vimngojee nduguye. Bakteria hawajaisha, na nduguye hana dozi.

Ipo na desturi nyingine ambayo sina budi kuitaja, ijapokuwa najua nitawaudhi baadhi ya wazee wangu. Mtoto akikohoa au koo likimsumbua mara kwa mara, hupelekwa kukatwa kimio. Kukata kimio hakuwaui bakteria walio kooni. Huongeza jeraha mahali palipo na uchafu, na wapo watoto waliotokwa na damu nyingi kwa kisu hicho.

Viungo vikifura na maumivu yakawa yanahama kutoka kiungo hadi kiungo, au mtoto akaanza kurusha mikono na kukunja uso pasi na kukusudia, akaangusha vikombe, mwandiko wake ukaharibika ghafla, hapo si wakati wa kukanda wala wa kuuliza nani kamtazama kwa jicho baya. Asomewe dua, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali, na mzazi amtajie daktari yale maumivu ya koo yaliyotangulia wiki mbili au tatu nyuma. Daktari asipoambiwa, aghalabu hatajua kuuliza.

Mtoto aliyekwisha kupata homa hii hupewa kinga ya sindano: benzathini penisilini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Penadur. Hudungwa kila wiki tatu au nne, kwa miaka kumi au zaidi. Ni dawa ya kale na ya bei nafuu. Inauma, hilo siwafichi. Watoto huijua siku yake na hujificha chini ya kitanda. Lakini manufaa yake yamepimwa karibu nasi. Huko Uganda, watafiti waliwachukua watoto 818 ambao kipimo cha moyo kilionyesha dalili za mwanzo kabisa za maradhi haya, hali wenyewe hawajihisi kuwa wagonjwa. Nusu yao walidungwa sindano hiyo kila mwezi kwa miaka miwili, na nusu hawakudungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika waliodungwa, moyo ulizidi kuharibika kwa watoto watatu tu. Katika wasiodungwa, ni watoto 33.

Nilipoisoma hesabu hiyo nilirejea nikaisoma tena. Thelathini na watatu kwa watatu. Kisha nikaukumbuka ule mkoba wa wanawake unaoteremshwa kutoka ghorofani.

Si maradhi yote ya moyo ya watoto huanzia kooni. Wengine huzaliwa nayo. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban mmoja huwa na kasoro ya moyo, iwe ndogo au kubwa, kwa tajiri na kwa masikini, Ulaya na Afrika. Kasoro mashuhuri ni tundu katika ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefariki Misri mwaka 1288, ambaye kadhalika alikuwa mwanachuoni wa fiqhi katika madhehebu yetu ya Shafi, alipinga kauli ya kale ya Galen kwamba damu hupenya ukuta huo kupitia vitundu visivyoonekana. Akasema ukuta ule hauna tundu, na damu sharti ipite mapafuni kwanza. Aliusema moyo ulio salama. Katika moyo wa mtoto mwenye tundu, damu hupita pale isipopaswa kupita, mapafu yakazidiwa na mzigo.

Mama anyonyeshaye ndiye wa mwanzo kuona. Mtoto hunyonya kidogo akaacha, jasho likimtiririka kipajini ingawa hakuna joto. Hupumua upesi, mbavu zikibonyea. Haongezeki uzito. Kila mara ana kikohozi na nimonia. Wengine huwa na rangi ya buluu midomoni na ulimini, hasa wanapolia. Mtoto aliyezaliwa na hali iitwayo Down sindromu anastahili kupimwa moyo hata kama haonyeshi dalili yoyote, kwa kuwa takriban nusu ya watoto hao huwa na kasoro ya moyo. Mama akipatwa na rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba, moyo wa mtoto huweza kudhurika, na ndiyo maana chanjo ya surua na rubela iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2016 haipasi kudharauliwa, kwa wavulana na kwa wasichana. Jingine ni hili: ndoa za mabinamu zinazorudiwa kizazi baada ya kizazi huongeza kidogo uwezekano wa kasoro hizi. Sheria inaruhusu ndoa hizo nami sizikatazi. Nasema tu kwamba familia iliyokwisha kuzaa watoto wawili wenye moyo mbovu ina haki ya kulijua jambo hili kabla ya kuposana tena.

Matundu mengi madogo hujifunga yenyewe na hayahitaji ila kuangaliwa. Makubwa yana wakati wake, na wakati huo haumngojei mtu akamilishe mchango. Mapafu yanaposukumiwa damu nyingi kwa miaka, mishipa yake hukakamaa, ikafika mahali ambapo kuliziba tundu ni kumuua mtoto. Mzazi huambiwa: mngalikuja mapema. Nimewahi kuwa na baba mmoja aliyeambiwa maneno hayo, na pesa zote anazo mkononi.

Basi kwa nini wanachelewa? Watu hufikiri ni gharama ya upasuaji pekee. Gharama ni kubwa, lakini mlolongo huanza mbali zaidi. Tumfikirie mama aliye katika kijiji cha Lamu. Muuguzi wa zahanati amesikia sauti isiyo ya kawaida kifuani mwa mtoto. Mama huvuka kwa mashua hadi Mokowe, akapanda basi hadi Mombasa, akalala kwa jamaa, akaenda Hospitali Kuu ya Pwani kutafuta kipimo cha eko, yaani kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Akithibitishiwa kwamba kifua cha mtoto kitafunguliwa, kwa kawaida maana yake ni Nairobi, penye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na zile za binafsi, au Bomet katika Hospitali ya Tenwek, au Eldoret. Nyumbani ameacha watoto wanne wengine. Mumewe ni mvuvi, na siku asiyoingia baharini hapana chakula. Kila hatua katika safari hiyo ina nauli yake na siku zake, na katika kila hatua wapo wanaoishia hapo. Wanaoishia njiani hawaji msikitini na bahasha ya kahawia, kwa sababu hawakufika hata kwenye kuandikiwa karatasi.

Yapo yanayotia moyo. Mater Hospital ya Nairobi imekuwa kwa miaka mingi ikiandaa mbio za hisani za kugharimia upasuaji wa watoto. Kwa jirani zetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, imewapunguzia Watanzania wengi safari za India. Huko Aswan, Misri, Profesa Magdi Yacoub alianzisha mwaka 2009 kituo kinachotibu moyo bila ya malipo. Amepata kueleza kwamba alivutwa na fani hii na kifo cha shangazi yake aliyekuwa na maradhi ya vali. Khartoum nako, shirika la Kiitalia liitwalo Emergency lilifungua mwaka 2007 kituo cha Salam, wagonjwa wakaja kutoka nchi nyingi za Afrika wakapasuliwa bure, hata vita vya Aprili 2023 vilipoukumba mji ule. Aidha kuna matundu na mishipa ambayo siku hizi huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa katika mshipa wa paja, bila ya kufungua kifua.

Narudi kwa binti yetu, kwani wengi huuliza tu iwapo alifanyiwa upasuaji. Alifanyiwa, ng'ambo, baada ya miezi saba ya michango, akawekewa vali ya chuma. Tulishukuru tukadhani tumemaliza. Vali ya chuma hudai dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yote. Dawa ikizidi kidogo, mtu huvuja damu. Ikipungua, damu huganda juu ya vali na huweza kurukia ubongoni. Kwa hiyo hupimwa damu kila baada ya wiki chache, na hata chakula huangaliwa, kwani mtu akila mchicha na sukuma wiki kwa wingi leo na kuacha kesho, kipimo huyumba. Mchango wetu ulilipia vali. Haukulipia vipimo vya miaka kumi, na hatukuwa tumelifikiria hilo.

Sasa ni msichana wa miaka 20 na ushei, na mwaka uliopita aliposwa. Mamake alinijia usiku, akaketi kimya kwa muda mrefu. Dawa ile huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mimba yenyewe ni mzigo mzito kwa moyo ulioshonwa. Haina maana kwamba hawezi kuolewa. Maana yake ni kwamba yeye na mumewe sharti waonane na daktari wa moyo na wa uzazi kabla ya mimba, si baada ya mwezi wa tano. Tuliwaeleza wachumba wote wawili, mbele ya wazazi. Wapo walionilaumu kwamba nimeitangaza aibu ya mtoto wa watu. Sikuona aibu yoyote pale. Mposaji alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana kuliko yangu, na posa ikasimama.

Enyi mama mnaonisoma, mabinti wengi wa pwani huolewa wakiwa na vali mbovu wasizozijua, na hugundulika katika mimba ya kwanza, wakiwa wamefura miguu na kukosa pumzi, wakiambiwa ni hali ya mimba. Mimba huchosha, kweli. Lakini mja mzito asiyeweza kulala ila ameketi apelekwe hospitali usiku huo huo.

Nimeulizwa mara nyingi kama zaka yaweza kutolewa kwa matibabu. Mgonjwa asiye na uwezo ni fukara kama mafukara wengine, na hupewa. Swali linaloniumiza mimi ni lini apewe. Sultani Qalawun alipojenga hospitali ya Mansuri mjini Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu ili kazi yake iendelee bila ya kumngoja mgonjwa aje kuomba. Sisi tuna wakfu za nyumba na za mashamba ya minazi hapa pwani, nyingine hutumika kwa uji wa Ramadhani na mikeka, jambo jema. Sijasikia hata moja iliyowekwa kwa ajili ya nauli ya mtoto anayekwenda kupimwa eko, wala kwa sindano ya kila wiki nne. Fedha zilizompeleka binti yetu ng'ambo zingeliwatosha watoto wengi mno kwa sindano hiyo, miaka na miaka. Tungelimpeleka vile vile, kwani alikuwa mbele yetu. Ila ningelipenda na hao wengine wawe wamepatiwa.

Fauka ya hayo, tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni ya SHA badala ya NHIF. Mwandikisheni mtoto angali mzima, na cheti chake cha kuzaliwa kikiwa tayari. Kina baba wengi huanza kukitafuta siku ya kulazwa.

Chuoni petu tulifanya mambo mawili, na yote ni madogo. Darasa la watoto tulilihamishia chini. Pili, mtoto yeyote anayechoka kuliko wenziwe haitwi mvivu mpaka mzazi wake aulizwe kuhusu koo na magoti. Kwa kuuliza huko tumempata mvulana mmoja wa miaka tisa. Eko ilionyesha vali yake imeguswa, bado haijaharibika. Tarehe zake za sindano zimeandikwa kwa chokaa ubaoni, pembeni, na hazifutwi. Mamake huuza mahamri asubuhi na hawezi kuondoka, kwa hiyo huyo binti wa vali ya chuma ndiye humpeleka, kwa kuwa naye ana kipimo chake cha damu hospitali hiyo hiyo. Mvulana hulia njia nzima kwenda. Wakirudi hupita dukani kununua barafu. Zamu yao ijayo ni Jumatano.